Koti la Kajetani na Vichwa Arobaini na Vitatu

Kajetani Haule alikuwa na tabia moja iliyomkera sana mkewe, Walburga. Akikutana na mtu hamtazami machoni, anamtazama kichwa. Kanisani, wenzake wamefumba macho kwa sala, yeye macho kodo, anapima paji la jirani, anafuata mstari wa shavu mpaka unapopotelea nyuma ya sikio. Walburga alimfinya mpaka akachoka. Wanawake wa jumuiya walipoanza kunong'ona kwamba mzee yule ana jicho baya, Walburga aliwajibu kwamba mumewe si mchawi, ni kazi tu imemharibu.

Na kazi yenyewe, jamani, ilikuwa ya kutunza stoo. Alikuwa mtunza stoo wa Shirika la Miamba Kusini, ofisi ya Songea, kwenye jengo la bati lenye kutu njia ya kwenda Matogoro. Mwaka wa sitini na tisa shirika lilimleta mtaalamu wa Kijerumani, Bwana Otto, atafute makaa ya mawe bonde la Ruhuhu. Otto alikuja na sanduku la mbao lenye droo tano, na ndani yake trilobiti arobaini na watatu aliowatoa kwao, ili vijana wa kazi wajifunze kusoma viumbe waliogeuka mawe. Vijana walifika ishirini. Kumi na tisa walitaka kujifunza kuendesha Landrova. Mmoja, kijana wa Mpitimbi aliyeishia darasa la nane, alitaka kujua ndani ya sanduku kuna nini.

Trilobiti, kwa asiyejua, ni mdudu wa baharini wa zamani za kale, jamaa wa mbali wa kaa na nge, aliyekwisha duniani kabla ndege wa kwanza hajaota unyoya. Mgongo wake ni magamba yaliyopangana kama vigae, na mbele ana kichwa kigumu mithili ya kofia ya askari. Otto alimwambia Kajetani asihangaike na mkia, maana mikia inafanana, asome kichwa. Katikati kuna nundu. Kushoto na kulia kuna mashavu. Juu ya mashavu kuna macho, wengine makubwa yenye punje punje kama gunzi la mahindi, wengine hawana macho kabisa. Halafu kuna mshono, mstari mwembamba kuliko uzi wa cherehani, unaopita kando ya jicho na kushuka. Ukitokea nyuma ya kichwa, huyo ni wa ukoo huu. Ukitokea ubavuni, ni wa ukoo mwingine. Ukitokea pale pale konani, shavu linapopinda, basi ni wa ukoo wa tatu.

Kajetani aliujua mshono ule kwa ukucha wa kidole gumba. Ungeweza kumfumba macho kwa kitambaa, ukampa kichwa kimoja kiganjani, naye akakutajia jina lake la Kilatini, kwa lafudhi ileile aliyojifunzia misa. Kila jiwe alilitengenezea kikaratasi kwa mkono wake: jina, ukoo, mshono unatokea wapi, na neno moja la mwisho kuhusu hali yake. Otto alipoondoka mwaka wa sabini na sita alimwachia sanduku na lenzi ya mkononi. Shirika lilimwachia cheo kilekile cha mtunza stoo.

Kwa miaka karibu ishirini hakuna bosi aliyefungua droo. Aliyefungua ni Mwalimu Noela, mwalimu wa baiolojia wa sekondari moja ya wasichana pale mjini, ambaye maabara yake ilikuwa na chura mmoja kwenye chupa, naye chura mwenyewe alishaanza kuyeyuka. Kila muhula Noela alileta wasichana wake, na Kajetani aliwapa kila mmoja kichwa kimoja ausake mshono. Msichana akiupata alipiga kigelegele kama yuko harusini. Ndipo Kajetani akatia nia kwamba siku yake ya kuondoka kazini ikifika, sanduku liende kwa Noela. Aliandika barua tatu kuomba hivyo. Zote zilijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa.

Basi, mwaka wa tisini na tano soko huria likafika Songea kwa miguu yote miwili. Mtaani Majengo kulijaa mitumba, maduka yalijaa sabuni za rangi ambazo zamani ulipanga foleni kuyaona maganda yake tu, na huko Tunduru watu walikuwa wanachimba vito usiku na mchana, hata waliokwenda kutibiwa Mbesa walirudi na kokoto mfukoni wakidai ni yakuti. Mashirika ya umma nayo yakawekwa sokoni, na likawekwa la Kajetani. Ikaundwa Kamati ya Tathmini ya Mali, na mwenyekiti wake akatumwa kutoka makao makuu. Aliitwa Bwana Derick, mtu wa miaka thelathini na minane, kichwa kipana, mashavu ya kutosha, macho madogo. Kajetani alimsoma siku ya kwanza na hakupenda alichokisoma.

Bwana Derick alikuwa na makoti mawili. Moja la kuvaa, na moja la kijivu lililokaa kazini. Hili la kazini lilifika saa moja na nusu asubuhi, likavikwa mgongo wa kiti, na likashinda hapo mpaka saa tisa na nusu alasiri bila hata kwenda kunywa chai. Mwenye koti alikuwa mtaani Bombambili, akila nyama choma na Bwana Ramson. Ukija na shida yako, Bi Halima mpiga chapa anakuonyesha kiti kwa kidevu na kukwambia bosi yupo, koti si hilo? Na hakusema uongo. Ofisi nzima ilishakubaliana tangu enzi kwamba penye koti pana mtu. Hata kitabu cha mahudhurio kilitiwa sahihi kwa kulitazama koti.

Huyu Ramson alikuwa mfanyabiashara wa mawe aliyekimbilia kusini aliposikia habari za Tunduru, akachelewa, akakuta vito vizuri vimeshakwenda. Akageukia chochote kinachokatika. Alikuwa na mashine ya kukata na kung'arisha, na siku moja aliletwa stoo na Derick, akafungua droo ya tatu, akainua trilobiti mwenye macho makubwa, akamgeuza kama mnunuzi wa muwa. Alisema akimpasua katikati kwa urefu atapata hereni mbili, na mkia utatoa kishikizo cha funguo, watalii Arusha watagombania. Kajetani alijua mashine ile ya kung'arisha itafanya nini. Ingeufuta mshono wote.

Siku ya kuorodhesha mali ikaja, na fomu yake. Fomu ilikuwa na safu tano: majengo, magari na mitambo, samani, wanyama, na mawe, mchanga na kokoto. Derick akashika kalamu kuandika sanduku kwenye mawe, kwa sababu kilichoandikwa kwenye mawe kingenadiwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mnadani mnunuzi alikuwa mmoja. Kajetani akamzuia mkono. Ndiyo, mtunza stoo alimshika mwenyekiti mkono. Akamwambia hao si mawe, hao ni wanyama, wana vichwa, wana macho, wana koo, na majina yao yako kwenye vikaratasi. Ukweli ulikuwa upande wake, na hila ndogo pia: tangu utotoni Mpitimbi alijua kwamba mzoga hauuzwi.

Derick alikuwa na haraka, koti lilikuwa peke yake ofisini. Akaandika wanyama, arobaini na watatu, akagonga muhuri nakala tatu, moja ikapanda basi la Dar es Salaam jioni ileile.

Kumbe kila safu ina fomu yake ya pili. Ya wanyama ilirudi baada ya wiki mbili na maswali yake, na Kajetani, mtu wa kweli, akajaza. Jinsia: haijulikani. Chanjo: hawajapata. Malisho: tope la bahari. Waliozaliwa tangu wapokelewe: hakuna. Walio hai: hakuna. Makao makuu yakashtuka. Wanyama wa umma arobaini na watatu wamekabidhiwa mtu mmoja, miaka ishirini na sita hawakuchanjwa, hakuzaa hata mmoja, na wote wamekufa. Ikaja barua ya kumtaka Kajetani ajieleze mbele ya kamati kwa nini asichukuliwe hatua za uzembe, na Bwana Nassoro wa mifugo akaamriwa akague mizoga.

Nassoro alikuwa Myao wa Nalasi, mganga wa mifugo aliyekaribia kustaafu, mtu wa maneno machache na swala zake tano. Alifika na mabuti ya mpira na chupa ya dawa ya kuua harufu. Kajetani akamfungulia droo. Nassoro akatazama, akavua mabuti, akaketi. Asubuhi nzima walikuwa pale, wazee wawili na lenzi moja, mmoja akimshika mwenzake kidole na kukipitisha kwenye mstari kando ya jicho. Adhuhuri ilipoadhiniwa Nassoro alisema subhanallah, akaenda kuswali, na baada ya swala akarudi. Alitaka kuona tena yule asiye na macho.

Siku ya kikao, Derick aliketi mbele, Halima pembeni akiandika kumbukumbu, Nassoro dirishani, na Ramson naye alikuwepo, eti mdau. Derick alisoma mashtaka kwa sauti ya huzuni, mtu ungedhani ng'ombe ni wa baba yake. Kila aliposema wote wamekufa mikononi mwako, Kajetani alikunja ngumi chini ya meza. Angeweza kula jiwe, akanyamaza. Angekubali uzembe, unga umwagike kama ulivyokuwa umeshaamuliwa kumwagika, mizoga ibaki mizoga na Ramson aambulie patupu. Hiyo ndiyo ilikuwa akili, na Walburga alimsihi hivyo mlangoni wakiagana. Lakini mwambie mtu aliyesoma vichwa miaka ishirini na sita kwamba hajui kilichokufa na kisichokufa, uone.

Akasimama. Akaeleza kwamba trilobiti alikua kwa kujivua, kama kaa. Gamba likimbana, ule mshono wa kichwani unafunguka, mashavu yanaachia, naye anapenya kwa mbele na kwenda zake na ngozi mpya. Ndiyo maana vichwa vingi mle sandukuni havina mashavu. Waliokufa kweli, mashavu yao yakiwa mahali pake, ni kumi na wawili. Wale thelathini na mmoja ni magamba matupu, wenyewe waliondoka wazima. Derick akasema haelewi, mnyama yupo mezani, kisha mnyama hayupo, huo ni utaratibu gani?

"Mwenyekiti, ni kama koti lako," Kajetani akamwambia. "Mtu akiingia ofisini analikuta kitini, anasema bosi yupo. Koti lipo. Wewe hujafa, wala humo."

Halima alikohoa mpaka akatoka machozi. Nassoro akageukia dirisha kutazama milima ya Matogoro, na mabega yake yakawa yanatikisika. Derick alijaa damu usoni hadi kwenye nundu. Akamgeukia Halima.

"Andika," akasema. "Kumi na wawili wamekufa. Thelathini na mmoja wametoroka."

Ndipo Ramson akatabasamu na kuinua kidole. Mzoga hauuzwi, sawa. Lakini kama wanyama wameondoka, kilichobaki ni ngozi, na ngozi inauzwa nchi nzima. Derick akaona njia. Ngozi thelathini na moja zikapangiwa mnada wa Jumamosi, wale kumi na wawili watafikiriwa baadaye, na mtunza stoo akasimamishwa kuanzia Jumamosi hiyohiyo, baada ya kukabidhi ufunguo, kwa kosa la kuachia wanyama wa serikali kutoroka. Kajetani alirudi stoo akaketi juu ya gunia, akashika tama. Ulimi wake mwenyewe ndio uliowauza. Alilia, na hakujificha.

Nassoro alimkuta hapo. Hakumpa pole. Alitoa mfukoni kitabu chake cha hati, akaketi gunia la pili, akaandika taratibu kwa mwandiko wa madrasa. Ngozi za wanyama wasiofahamika, zilizoingia kutoka nchi ya nje bila kibali cha mifugo, ziko karantini. Haziuzwi, hazikatwi, hazing'arishwi. Zitahifadhiwa pakavu, pamoja na mizoga kumi na miwili iliyokaa nazo, chini ya uangalizi wa mtu mwenye elimu ya baiolojia, mpaka wanyama waliotoroka watakapopatikana na kukaguliwa. Kajetani akamuuliza, na wakipatikana?

"Wakipatikana, Mzee Haule," Nassoro akajibu, "nitawachanja mwenyewe."

Hati ilitaka kitu kimoja tu: mwenyekiti aipokee, na kama ana pingamizi alilete ndani ya saa ishirini na nne. Zikipita kimya, imepita. Alhamisi saa nne asubuhi Nassoro aliipeleka kwa Halima. Halima akatazama kiti. Koti la kijivu lilikuwepo, limenyooka, na mfuko wake wa kifuani wazi. Akagonga muhuri wa kupokea, akaandika kwenye kitabu cha barua kwamba mwenyekiti amekabidhiwa, akaenda akaitia hati mfukoni. Utaratibu ulikuwa huo siku zote, barua za bosi zinakwenda kwa bosi. Koti halikuweka pingamizi lolote.

Ijumaa saa nne na nusu Mwalimu Noela alifika na mkokoteni na wasichana sita. Aliwaamkia shikamoo wazee wote wawili, akatia sahihi ya kupokea wagonjwa wa karantini, na sanduku likatoka likiwa limefungwa kwa kanga mbili. Kajetani aliwafuata hadi mlangoni. Halafu akarudi ndani. Akavua koti lake la khaki, lile la kazi alilopewa mwaka wa sabini na nne, viwiko vimetoboka, akalivika kwenye kiti chake ukumbini, nje ya mlango wa stoo alioufunga kwa kufuli. Akalinyoosha mabega. Akatoka na shati, akaukimbilia mkokoteni, akashika upande uliokuwa unayumba.

Jumamosi kulikuwa na meza, kengele ya mnada, na Ramson na mashine ya kupimia. Waliulizia mtunza stoo aje na ufunguo. Yupo, wakajibiwa na kila mtu, koti lake hilo hapo. Wakasubiri. Saa tano wakasubiri. Saa saba Ramson akaanza kuliongelesha koti kwa hasira. Saa nane wakavunja kufuli la stoo, wakakuta mstatili safi sakafuni mahali sanduku lilipokaa, vumbi limeuzunguka pande zote.

Derick alikuja juu. Alitaka kujua nani karuhusu. Halima, kwa adabu zote za mtu aliyelelewa vizuri, akamfungulia kitabu cha barua na kumwonyesha mstari: Alhamisi saa nne, mwenyekiti amepokea. Derick akafoka kwamba Alhamisi saa nne hakuwepo. Halima akafungua kitabu cha pili, cha mahudhurio. Alhamisi, saa moja na nusu mpaka saa tisa na nusu, mwenyekiti yupo, na sahihi imetiwa. Akamuuliza afute kitabu kipi. Derick akavitazama vitabu vyote viwili, akamtazama na Ramson, akafyata mkia. Alisema basi, karantini ni jambo la afya ya umma.

Barua ya kumwachisha kazi Kajetani ilitoka Jumatatu. Sheria ilitaka akabidhiwe mkononi. Mwajiriwa yupo, akaandika tarishi, akatia barua kwenye mfuko wa koti la khaki. Kwa wiki tano zilizofuata koti la mtunza stoo lilihudhuria kazini bila kukosa, likatiwa alama kila siku, na kwenye taarifa ya mwisho ya kamati likasifiwa kama mfano wa kuigwa kwa wafanyakazi wanaopunguzwa. Mwenyewe alikuwa kwa Mwalimu Noela kila Jumanne na Ijumaa, hana cheo, ana stuli na lenzi, akimshika mtoto wa watu kidole na kumwambia taratibu, mwanangu, usibonyeze, usikilize tu mstari unapotokea.

Jengo lilipopata mnunuzi, Derick alikuja kukabidhi samani. Kiti cha mtunza stoo, kimoja. Koti, moja. Alipolinyanyua, kikaratasi kikadondoka kutoka kwenye kola, kilichokatwa kwa wembe, mwandiko mdogo ulionyooka, kama vile vya kwenye droo. Akakiokota akasoma.

Kilisema: Haule, Kajetani. Ukoo wa Mpitimbi. Mshono unatokea mbele, kwenye vifungo. Gamba tupu, mwenyewe alitoka akiwa hai.

Derick alikisoma mara mbili. Kisha, bila kumtazama mtu, akavuka ukumbi hadi ofisini kwake, akasimama mbele ya koti la kijivu, na akakaa hapo muda mrefu mkono wake ukiwa kwenye kola, akitafuta mshono wake unatokea wapi.